Theluji ya Korea na watoto: lipia njia ya kurudi kabla ya kulipia picha

Kuna familia nyingi hapa Kenya zinazoijua Korea Kusini kuliko zinavyoijua Turkana. Tamthilia za Kikorea zimeingia sebuleni, watoto wanasalimiana annyeong, na mtu akianza kuweka akiba ya safari, picha iliyo kichwani ni ile ile: msitu mweupe, koti refu, pumzi ikitoka kama moshi. Hatuna shida na hiyo ndoto. Shida yetu ni bajeti inayoandamana nayo. Pesa nyingi zinaenda kwa tiketi ya ndege na hoteli ya Seoul, halafu siku yenyewe ya msituni inaachiwa chenji. Sisi tunaona iwe kinyume. Siku ya theluji na watoto ndiyo inafaa kupangwa shilingi kwa shilingi, na kitu cha kwanza kulipiwa kiwe njia ya kurudi.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo pesa hupotea kimyakimya. Likizo yetu ndefu ya shule huanguka Novemba na Desemba, na mapema Januari watoto wanarudi darasani. Korea nao wana kipindi cha kuzuia moto wa msitu, kwa kawaida 15 Novemba hadi 15 Desemba, ambapo njia nyingi za mlimani kwenye mbuga za taifa hufungwa. Majani yamekauka, upepo ni mwingi, theluji bado haijashika. Kwa hivyo ile tiketi ya bei poa ya mwisho wa Novemba inaweza kukufikisha kwenye mlima uliofungwa na usio na theluji hata ya kujaza kiganja. Lenga baada ya 15 Desemba, na ukubali kwamba hata hapo theluji si ahadi. Januari ndio mwezi wake hasa. Tena ikianguka nyingi kupita kiasi, njia hufungwa kwa usalama. Panga siku mbili za msitu, moja ikiwa ya akiba, na uchukue chumba ambacho unaweza kukifuta bila kutozwa.

Visa nayo huombwa mapema, na taarifa za benki ni sehemu ya maombi. Ndege ya moja kwa moja hakuna. Korean Air ilianza kuja Nairobi 2012 ikaacha 2014, na sasa watu hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Ukipitia wakala wa safari, lipa kwa nambari ya biashara, usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na ukatae kutuma “deposit” kwa laini ya mtu binafsi hata kama ana ofisi nzuri pale mjini.

Sasa, msitu gani? Hapa tuna msimamo na hatuufichi: na watoto, achana na kilele. Hallasan kule Jeju una mita 1,947 na njia zake mbili za kufika juu huhitaji kujiandikisha kabla. Ni mlima mzuri kwa watu wazima wenye mapafu na subira. Ule msitu maarufu wa Inje, wenye miti ya magome meupe iliyoanza kupandwa mwaka 1974, unapendeza sana kwa picha, lakini kabla ya kuufikia unapanda kilomita kadhaa, na mtoto wa miaka sita ataanza kuuliza “tumefika?” kabla ya ya kwanza kuisha.

Chaguo letu ni Odaesan, mkoa wa Gangwon, kwenye hekalu la Woljeongsa. Kutoka lango la kwanza la hekalu kuna njia ya kama kilomita moja, tambarare, katikati ya miti mirefu ya jeonnamu, jamii ya msonobari, ambayo majani yake hayapukutiki. Theluji hukaa juu ya matawi na chini kunakuwa kimya kabisa. Unatembea, unageuka, unarudi. Wakubwa wakiwa bado na nguvu, kuna njia ya Seonjae-gil inayofuata mto kwa karibu kilomita tisa hadi hekalu la Sangwonsa. Si lazima uimalize, mguu ukichoka unarudi ulikotoka. Mbuga za taifa za Korea hazitozi kiingilio tangu 2007, na ada ambayo hekalu lilikuwa likitoza wageni iliondolewa mwaka 2023. Yaani sehemu nzuri kuliko zote kwenye safari hii ni ya bure. Unacholipia ni kufika, kukaa na joto, na kurudi.

Kufika si kugumu. Treni ya kasi ya KTX inaenda mpaka kituo cha Jinbu, kwenye reli iliyofunguliwa Desemba 2017 ili kuhudumia Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang. (Ni michezo ile ile ambayo Sabrina Simader aliteleza kwenye theluji akiwa na rangi za Kenya, 2018. Waambie watoto.) Kutoka Seoul ni kama saa moja na nusu, kisha basi au teksi hadi hekaluni. Tiketi za KTX hufunguliwa mwezi mmoja kabla, na wikendi za theluji hujaa. Ndiyo maana tunasema nunua ya kurudi kwanza. Familia ya watu watano ikikosa kwenda inabaki Seoul ikila tambi. Ikikosa kurudi, inabaki kwenye mji mdogo usiku, chini ya nyuzi sifuri, ikitafuta chumba.

Kuhusu nguo, wacha tuseme ukweli: Mkenya ana faida ambayo wageni wengi hawana, nayo inaitwa Gikomba. Makoti mazito ya mtumba yanayokuja kutoka nchi za baridi, yale ambayo hapa hayana soko kubwa, ndiyo hasa unayoyataka. Toi pia yapo. Nunua miezi kabla, moja moja, mtoto mmoja kila mwisho wa mwezi, na hutasikia uchungu. Kagua zipu, kagua kofia. Ndani weka nguo nyepesi inayokauka haraka, katikati sweta, juu koti. Fulana ya pamba iliyolowa jasho inageuka barafu mgongoni, kwa hivyo iache iwe ya kulalia.

Mahali ambapo hatushauri kubana pesa ni miguuni. Theluji iliyokanyagwa na watu mia huwa kioo. Wakorea huvaa chini ya buti vyuma vyenye meno, wanaviita aijen, na wakati wa baridi huuzwa hata kwenye maduka ya karibu na milima. Kila mtu apate vyake, pamoja na bibi aliyesema yeye atatembea polepole. Ukinunua buti huko, kumbuka saizi zao ni za milimita: pima mguu wa mtoto nyumbani ukiwa na soksi nene, uandike namba. Vipakiti vya joto vya kutia mfukoni na glavu za ziada utavipata kwa bei ndogo kwenye maduka ya Daiso, ambako kitu cha bei ya juu kabisa ni won 5,000. Glavu ziwe jozi mbili kwa kila mtoto. Ya kwanza italowa ndani ya dakika kumi, hakuna mtoto aliyewahi kuiona theluji akaacha kuishika.

Na yule mdogo anayebebwa? Wakorea wana kitambaa chao cha kubebea mtoto mgongoni, podaegi, na mama yeyote aliyetumia leso ataelewa mara moja. Lakini mtoto aliyebebwa hatembei, na asiyetembea hatengenezi joto. Wewe unatoka jasho, yeye anaganda. Mguse shingo na vidole kila baada ya muda mfupi, na ratiba ya familia nzima ifuate mwili wake.

Tufike kwenye kazi yetu, malipo. Tunafanya biashara ya kufanya watu walipe kwa simu, na hatuoni aibu kusema hivi: msitu wa theluji si mahali pa kuwa na pesa kwenye simu peke yake. Baridi kali hufanya betri ishuke haraka, na simu iliyoonyesha asilimia thelathini inaweza kuzima huku ukipiga picha. Iweke ndani ya koti, karibu na mwili, na uitoe kwa sababu. Halafu kuna suala la laini. Ile namba ya uthibitisho ya kununulia kitu mtandaoni inakuja kwa ujumbe kwenye laini yako ya Kenya. Kama hukuwasha huduma ya kutumia laini ukiwa nje ya nchi, ujumbe hauji, na kadi yako nzuri inakuwa plastiki. Iwashe ukiwa bado Nairobi. Fanya malipo madogo ya majaribio. Iarifu benki tarehe zako. Korea wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hivyo kadi ikikataa saa mbili asubuhi ukiwa Jinbu, hapa ni saa nane usiku.

Kadi zinakubalika karibu kila mahali Korea. Lakini kadi ya usafiri ya T-money, ile unayogusisha kwenye basi na treni za mjini, wageni kwa kawaida huijaza kwa pesa taslimu. Mzee anayechoma viazi vitamu barabarani (ndiyo, viazi vitamu vya kuchoma, utajihisi uko nyumbani) hupenda noti. Kwa hivyo gawanyeni: baba na kadi moja, mama na nyingine, ziwe za akaunti tofauti, na kila mtu mzima awe na noti za won mfukoni. Kijana wa miaka kumi na nne naye apewe za kutosha kumrudisha kituoni, pamoja na karatasi yenye jina la mnapolala kwa Kikorea. Huo si ukosefu wa imani kwa teknolojia. Ni hesabu tu.

Kwa bei, kwa viwango vya karibuni shilingi moja ni won kumi na kitu. Kata sifuri moja tu: chakula cha won 12,000 ukihesabu 1,200 utakuwa umekadiria juu kidogo, na kukadiria juu safarini hakujawahi kumuumiza mtu. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa won au kwa dola, chagua won. Ukichagua dola, anayekubadilishia ni mwenye mashine, kwa kiwango anachopenda yeye.

Saa nazo zina bei. Sisi tumezoea jua linalozama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Mwishoni mwa Desemba Korea linazama mwendo wa saa kumi na moja na robo, na ndani ya bonde kivuli kinafika mapema zaidi. Kutembea usiku kwenye njia za mbuga hakuruhusiwi. Ingieni msituni saa nne asubuhi, na saa nane mchana uso uangalie langoni, hata kama ndio kwanza mwanga umekuwa mzuri wa picha. Dharura ni 119. Ukikwama kwa lugha au usafiri, 1330 ni laini ya wageni na wanaongea Kiingereza.

Chakula kiko pale pale nje ya hekalu, mikahawa inayouza wali wenye mboga za milimani, moto na wa kushibisha. Na usiku, badala ya hoteli ya vitanda vinne, tafuta chumba cha kienyeji chenye ondol, sakafu inayopashwa joto kutoka chini. Familia nzima inalala kwenye magodoro sakafuni, mara nyingi kwa bei ya chini. Tandazeni soksi na glavu pembeni ya ukuta kabla ya kulala, asubuhi zitakuwa zimekauka kwa siku ya pili.