Mama Ugenini: Hewa Kavu, Udhu na Chetezo



Ijumaa moja baada ya sala alitujia kijana mmoja wa jamaa zetu pale msikitini, akaomba mama yake afanyiwe kisomo. Mama huyo yuko Edmonton, Kanada, alikokwenda mwezi wa Desemba kumlea binti yake aliyejifungua. Tangu afike, pua inamtoka damu karibu kila alfajiri, midomo imempasuka, visigino vimechanika, na usiku koo humkauka hata akaamshwa na kikohozi. Hospitalini wamempima na shinikizo la damu limekutwa sawa. Watu wa nyumbani wakakata shauri kuwa ni jicho: mtoto mzuri, nyumba nzuri, watu wametazama.

Kisomo tulikifanya. Hatusemi kuwa husda haipo; ipo, na Muislamu hujikinga nayo kwa Qur'ani na dua. Lakini tulimtaka kijana atuunganishe na mama mwenyewe kwa simu, na baada ya shikamoo na marahaba tukamwuliza nyumba inapashwaje moto. Akasema: "Mwanangu, hapa kuna matundu sakafuni, hewa ya moto inapuliza usiku na mchana. Madirisha hayafunguliwi abadan."

Jibu hilo lilitosha. Hewa ya baridi kali haiwezi kubeba maji mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyo nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikiwa imeshiba unyevu, haina zaidi ya gramu mbili na ushei za mvuke. Hewa hiyohiyo ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 21 ingeweza kubeba gramu 18, lakini hakuna aliyeiongezea maji. Kwa hiyo unyevu wake hushuka hadi asilimia 13 hivi. Sisi wa pwani, ambao chumvi hutulowea ndani ya kopo, tumezoea asilimia 70 na 80. Hewa ya namna ile ina kiu, na maji huyafyonza popote iyapatapo: kwenye mbao za milango, kwenye ngozi, na kwenye utando mwororo wa pua.

Tulidhani mazungumzo yamekwisha, kumbe lililomwelemea mama lilikuwa lingine. Jirani mmoja aliyekutana naye msikitini huko alimwambia kuwa damu ya pua imetengua udhu wake. Kwa kuwa humtoka alfajiri, mama akawa anangoja pua ikauke, na Alfajiri nyingi amezisali jua limekwisha kuchomoza. Alipofika hapo sauti ilimshuka.

Jirani hakusema uongo. Alisema kwa madhehebu yake. Kwa Mahanafi, damu inayochuruzika hutengua udhu. Kwa Mashafii, ambao ndio sisi wengi wa mwambao huu, haitengui: mtu huiosha, kwa kuwa ni najisi, kisha husali kwa udhu wake. Na hata huyo anayefuata kauli ya Hanafi hutawadha upya akasali ndani ya wakati. Madhehebu ya kumngojesha mtu mpaka wakati utoke hatuyajui. Tulimwambia mama aliyoyafanya kwa kutojua amwachie Mola wake, Mwenye kusamehe, na kuanzia kesho asali kwa wakati.

Yapo na mengine ya udhu yanayowahusu walioko kwenye baridi. Kupandisha maji puani ni sunna katika madhehebu yetu, na mwenye pua yenye kidonda ayapandishe kwa upole. Maji yawe ya vuguvugu, kwani ya moto sana huondoa mafuta ya ngozi. Baada ya kutawadha ajifute kwa kitambaa, na wala hapana karaha kwa mwenye kuhofia baridi; kisha ajipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta mepesi ya nazi hayazuii udhu unaofuata. Nta au mafuta mazito yaliyogandamizwa ndani ya mipasuko ya visigino yana hukumu nyingine: yakiwa na kiwiliwili kinachozuia maji, lazima yaondolewe kwanza. Wanazuoni wa fikihi waliyaandika haya karne nyingi zilizopita, visigino vikiwa ni vilevile. Na ipo rukhsa ya khuffu, soksi za ngozi, ambazo mtu huzivaa akiwa na udhu kamili, kisha akapaka maji juu yake kwa mchana na usiku mmoja akiwa mkazi, au siku tatu akiwa msafiri. Miguu hupumzika.

Ama hewa yenyewe, dawa yake ni maji. Kipima unyevu ni kidude cha bei ndogo. Asilimia 30 hadi 40 yatosha. Ikizidi sana katika baridi ile, maji huganda kwenye vioo vya madirisha na ukungu huota ukutani. Kanga zilizofuliwa zianikwe chumbani usiku, mlango wa bafu uachwe wazi baada ya kuoga, na joto la nyumba lipunguzwe kidogo. Wenye mashine ya kutoa mvuke wachague ya mvuke baridi kama kuna mtoto, kwa sababu ule wa moto huunguza. Wabadilishe maji kila siku na kuisafisha kila mara, la sivyo itapuliza vijidudu badala ya nafuu. Puani yatiwe matone ya maji ya chumvi yanayouzwa dukani. Akina bibi watuwie radhi: mafuta hayatiwi katika pua ya mtoto mchanga, huteremka mapafuni. Na anayetokwa damu asiinue kichwa juu kama tulivyofunzwa utotoni. Aketi, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Ikipita nusu saa haijakoma, aende hospitali.

Mfungaji matone hayo ayatie usiku, kwani kwa Mashafii kinachopita ndani ya pua hufunguza. Jambo hili litatukabili sana miaka hii: Ramadhani sasa inaangukia baridi ya kaskazini, na mwaka 2030 yatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Tulipokaribia kuagana, mama akasema kuwa kwa ajili ya lile jicho, na ili hewa ya chumbani ilainike, alikuwa akiwasha makaa kila usiku na kumfukiza mzazi na mtoto kwa udi. King'ora cha moshi kililia siku ya kwanza. Mkwewe akakitoa betri. Mzazi amekuwa akilalamika kichwa kumwuma.

Hapo tuliacha upole. Tulimwomba aweke simu chini, afungue dirisha japo kwa dakika chache, na makaa ayatoe nje saa ileile. Nyumba zetu zina madirisha wazi na paa lenye upenyo. Nyumba za huko zimezibwa ili joto lisipotee. Makaa ndani yake hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke tena. Jiko la gesi lililoachwa likichemsha sufuria usiku kucha ili kupata mvuke lina hatari hiyohiyo. Na moshi wa udi hauongezi hata tone la unyevu.

Waislamu wa Edmonton walifungua msikiti wao, Al Rashid, Desemba 1938, wa kwanza katika Kanada, na wamesali katika baridi ile tangu hapo. Wenyeji wa namna hiyo wapo. Mgeni awaulize kabla ya kuwasha chochote.

Juma hili kijana alituletea salamu. Betri imerudishwa, na king'ora cha pili, cha gesi hiyo, kimenunuliwa. Mzazi kichwa kimemtulia, Alhamdulillah. Chetezo kimo sandukuni, kimeviringwa kwa kanga. Harufu wanaipata kwa mafuta ya udi ya kujipaka. Pua ya mama bado hutoka damu siku mojamoja, naye huiosha, akasali Alfajiri.