Mambo ya Nyumbani: Pikipiki Inunuliwayo kwa Macho ya Mwingine

Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipotua Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, nyumba nyingi za askari zimejifunza kuendesha mambo yake kwa simu. Misheni ile imebadili jina mara mbili, mwaka 2022 na mwaka 2025, lakini hali ya nyumbani haikubadilika: mume yuko ng'ambo kwa miezi mingi, mke yuko kambini au kijijini, na fedha ziko safarini baina yao. Ndivyo ilivyo pia kwa polisi waliotumwa nje, na kwa kila aliyevuka mpaka kutafuta riziki katika nchi ya jirani.

Baada ya ada za shule na mabati ya nyumba, kitu kinachotajwa mara nyingi katika mazungumzo ya simu ni pikipiki. Wala si anasa. Kijijini, pikipiki humfikisha mama mjamzito kwenye zahanati, hupeleka mahindi kinuni, na jioni huingiza senti kwa kubeba abiria. Hata jina la boda boda lilizaliwa mpakani, pale wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu na mizigo kati ya Uganda na Kenya huku wakinadi, “boda, boda!”

Hata hivyo, kununua pikipiki mpya kwa mtu aliye mbali na duka ni kazi ya namna yake. Mnunuzi aliyepo dukani huigusa, huiwasha, huisikiliza, na humtazama muuzaji usoni. Aliye ng'ambo hana nafasi hiyo, na wazee walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Yeye hununua kwa macho ya mtu mwingine na kwa maneno yaliyoandikwa katika karatasi. Kwa hiyo uangalifu ambao wengine huuelekeza kwenye injini, yeye hana budi kuuelekeza kwanza kwa mtu atakayemwakilisha na kwenye hati zitakazobaki.

JINA LITANGULIE CHOMBO

Tuseme yuko koplo aliyekaa Somalia miezi minane, na nyumba yake iko kijijini, si mbali na mji wa Arua. Amejiwekea akiba ya kutosha pikipiki mpya. Mazoea humwelekeza kumtumia mdogo wake aliyeko Kampala fedha zote, ili amchagulie chombo kizuri. Mdogo mtu huenda dukani, hulipa, na muuzaji aulizapo jina la kuandika, yeye hutaja lake. Pengine hana nia mbaya hata kidogo. Ni kwa kuwa kitambulisho kilichomo mfukoni ni chake.

Tangu saa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, pikipiki ni ya mdogo mtu. Kaka akirudi salama, huenda wakaelewana. Lakini mtu wa kazi ya bunduki hawezi kuutazama upande mmoja tu. Ikiwa mauti yatamkuta huko, mirathi hugawa mali iliyokuwa ya marehemu, na chombo kilichoandikwa jina la mwingine ni vigumu kukiingiza humo. Mjane atasema ni cha mume wake. Shemeji atasema ni chake. Na mwenye hati ndiye atakayesikilizwa kwanza. Watu waliokula sahani moja kwa miaka mingi hufarakana kwa sababu ya karatasi ambayo ingeandikwa vizuri kwa dakika tano.

Yafaa basi mume na mke wakubaliane, kabla shilingi moja haijatoka, kwamba hati itaandikwa jina la nani kati yao wawili. Nakala ya kitambulisho cha mwenye jina hilo itangulie dukani. Fedha zipelekwe moja kwa moja kwenye akaunti ya duka katika benki, wala zisipitie simu ya muuzaji wala mfuko wa ndugu. Risiti ionyeshe jina la mwenye mali, aina ya pikipiki, namba ya fremu, namba ya injini na kiasi kilicholipwa. Ndugu atakayekwenda kuichukua apewe barua inayosema kwamba amekuja kuipokea kwa niaba ya mwenyewe.

Wapo wanawake waogopao kumweleza shemeji jambo hili, wasije wakaonekana hawamwamini. Hakuna ukosefu wa adabu ndani yake. Mke aweza kusema, “Shemeji, pesa hizi kaka yako amezitolea jasho mbali. Tusaidiane kuzilinda. Wewe utuchagulie pikipiki, na karatasi ziandikwe jina lake.” Shemeji mwenye moyo safi hatachukizwa na maneno hayo, kwani na yeye amekingwa na lawama za kesho.

AINA IWE ILE FUNDI AIJUAYO

Askari aliye mbali hupendezwa na picha. Lakini picha haionyeshi kama cheni yake itapatikana sokoni. Pikipiki nyingi za kazi katika Afrika Mashariki ni zile za India, kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX, zenye injini za cc 100 hadi 150. Sababu ya kuenea kwake si uzuri wa rangi. Mafundi wamezizoea, na vipuri vyake huuzwa hata katika vituo vidogo vya biashara.

Kazi hii ya kuchunguza ni ya mke, kwa kuwa yeye ndiye aliyepo. Na aende kwa mafundi watatu wa karibu, awaulize maswali mawili tu: ni pikipiki gani wanazozitengeneza kila wiki, na ni wapi wanaponunua cheni, plagi, waya wa klachi, viatu vya breki na chujio la hewa. Majibu ya watatu hao yakipatana, aina imekwisha kuchaguliwa. Pikipiki ya fahari inayolala miezi miwili ikingoja kipuri kutoka mji mkuu ni mzigo katika nyumba.

Tena aulize dukani ni wapi ilipo karakana ya karibu inayotambuliwa na duka hilo. Dhamana ya pikipiki mpya huambatana na kijitabu ambacho hupigwa mhuri kila inapohudumiwa. Mwenye kuziruka huduma hizo huenda akajikuta dhamana imekufa kabla ya pikipiki kuumwa.

TASLIMU AU MKOPO

Yapo maduka na makampuni yatoayo pikipiki kwa mkopo wa malipo madogo madogo. Udogo wa malipo humdanganya asiyepiga hesabu. Tuseme bei ya taslimu ni shilingi 5,000,000, na mkopo ni shilingi 70,000 kwa wiki kwa muda wa wiki 104. Jumla yake ni shilingi 7,280,000. Mnunuzi atakuwa amelipa shilingi 2,280,000 zaidi ya bei, bila kuhesabu malipo ya awali kama yapo.

Aidha, katika mikopo mingi ya namna hiyo, chombo hubaki mali ya mkopeshaji mpaka shilingi ya mwisho. Malipo ya askari yakichelewa huko ng'ambo, mkopeshaji hangoji. Huja nyumbani kwa mke. Mwenye uwezo wa kuvumilia miezi michache na kulipa taslimu atapata pikipiki na usingizi pia. Asiyeweza, na alinganishe kwanza riba ya chama cha akiba na mikopo alichomo na riba ya duka.

Katika hesabu hiyo, bei ya duka isichukuliwe kuwa ndiyo mwisho. Pana gharama za usajili, bima, kibali cha udereva, kofia ngumu, mafuta na huduma ya kwanza. Bima ya lazima, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1989, ni ya kumfidia mtu mwingine aliyeumizwa. Pikipiki yenyewe ikiibwa, bima hiyo hailipi kitu.

NAMBA ZISOMWE KWA SAUTI

Siku ya kuipokea, mke au mwakilishi awe na simu mkononi, na mume awe upande wa pili kama kazi inamruhusu. Namba ya fremu hugongwa kwenye chuma, mara nyingi shingoni karibu na usukani. Namba ya injini hugongwa kwenye kasha la injini. Zote mbili zisomwe kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, kutoka kwenye chuma na si kutoka kwenye karatasi ya muuzaji. Mume aziandike, kisha asomewe zile za kwenye risiti, alinganishe.

Namba ya fremu ya kawaida ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na kamwe haina herufi I, O wala Q, kwa kuwa zafanana na 1 na 0. Basi mwandishi wa dukani akiandika herufi O ndani yake, amekosea, na kosa hilo lisahihishwe papo hapo. Polisi wasomao ukurasa huu wanajua vizuri jinsi pikipiki inavyokaa kituoni kwa sababu ya tarakimu moja isiyopatana na hati.

Baada ya namba, macho yaangalie chombo chenyewe. Pikipiki nyingi husafiri kutoka kiwandani zikiwa zimefungwa vipande ndani ya makreti, na kuunganishwa karibu na duka. Fundi mwenye haraka huacha nati hazikukazwa. Zijaribiwe nati za magurudumu, breki zote mbili, taa, honi na betri. Cheni isukumwe kwa kidole katikati: kwa kawaida icheze sentimita mbili hadi tatu, iliyokaza kama waya wa simu itakula meno yake upesi. Mita ionyeshe kilometa chache tu. Funguo ziwe mbili, pamoja na kijitabu cha matumizi, kijitabu cha dhamana na vifaa vya kufungulia. Funguo ya pili na hati zote zifungiwe na mke sandukuni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

SAFARI YA KUJA NYUMBANI

Hapa ndipo pikipiki nyingi huharibiwa zikiwa bado zanukia rangi. Ndugu huipanda pale pale Kampala na kukimbia nayo hadi Arua, safari ya karibu kilometa 500, ili afike kabla ya giza. Injini mpya haitaki hivyo. Pete za pistoni na kuta za silinda bado hazijazoeana. Zinaposuguana hutoa vumbi la chuma linaloingia ndani ya oili. Ndiyo maana oili ya kwanza, katika pikipiki nyingi za ukubwa huu, hubadilishwa mapema, baina ya kilometa 500 na 1,000, na kijitabu hutaja mwendo usiopaswa kuzidishwa. Safari hiyo moja ya haraka humaliza karibu muda wote ambao injini ilipaswa kulelewa.

Afadhali isafirishwe kwa lori au kwa basi lipokealo mizigo. Petroli itolewe kwanza, vioo vifunguliwe, nayo isimamishwe wima na kufungwa kwa kamba kwenye fremu, wala si kwenye spoku wala bomba la moshi. Stakabadhi ya mzigo iandikwe namba ya fremu. Ikiwa hapana budi kuiendesha, safari igawanywe kwa siku mbili, kwa mwendo wa wastani unaobadilika badilika, na kwa mapumziko ya kuipoza injini.

NANI ATAIPANDA

Swali la mwisho lingefaa kuwa la kwanza. Baba yuko ng'ambo. Je, ni nani nyumbani mwenye kibali cha kuendesha pikipiki? Kama hakuna, pesa za mafunzo zitengwe kabla ya pesa za chombo. Kijana wa miaka 16 asikabidhiwe funguo kwa sababu tu ni mtoto wa askari na kila mtu njiani anamfahamu. Atakayeifanyia biashara apewe mapatano ya maandishi: ataleta kiasi gani kila jioni, nani atalipa oili, na itapumzishwa siku gani.

Kofia ngumu zinunuliwe mbili siku ile ile, ya dereva na ya abiria. Utafiti wa jumla uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Askari haingii katika mapambano bila kofia ya chuma. Haifai mkewe na wanawe wapande pikipiki wakiwa vichwa wazi. Na abiria awe mmoja. Kuwapakia watoto watatu kwa safari moja ya shule ni kuokoa dakika kumi kwa kuhatarisha maisha yote.

Nyumba itakayofuata utaratibu huu itachelewa kupata pikipiki kwa wiki mbili au tatu. Lakini siku mume akipiga simu kutoka zamu yake ya usiku na kuuliza, “Mama watoto, ile pikipiki vipi?”, mke atamjibu bila kusitasita: hati ziko sandukuni, oili imebadilishwa, na watoto wamefika shule salama.