Kabla ya Kulilia Bei, Tuulize Nani Alihesabu Mavuno

Leo viwavijeshi na mbolea ya kukuzia vipumzike kidogo. Kila msimu wa mavuno, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Bwana shamba, niuze sasa au nisubiri?" Jibu lake linategemea mambo mawili: mahindi yaliyopo nchini ni kiasi gani, na serikali inaamini yapo kiasi gani. Hilo la pili ndilo linaloamua kama mpaka utafunguliwa au utafungwa, na ghala la taifa litanunua tani ngapi.

Mnakumbuka mwaka 2017. Serikali ilizuia mahindi kwenda nje kwa kuhofia upungufu wa chakula. Baada ya mavuno, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wakabaki na mzigo ndani, bei ikashuka, na aliyekopa kulima akaumia. Sibishani hapa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa namna hiyo hutegemea makadirio ya tani, na makadirio hayo yanatengenezwa na watu. Je, watu hao wamesomea kazi hiyo kwa kiwango gani?

Msimamo wangu ni huu: serikali iwasomeshe watakwimu wake mbinu za utafiti wa sampuli mpaka ngazi ya uzamili, tena wengi, na sisi wakulima tuwe wa kwanza kulidai hilo.

Sampuli ni kama kupima udongo

Ukitaka kupima udongo wa heka kumi, huchukui kiganja kimoja karibu na zizi la ng'ombe ukapeleka maabara. Ukifanya hivyo utaambiwa shamba lina rutuba tele, utapunguza mbolea, na mahindi yatakuwa ya njano. Unazunguka shamba zima, unachukua sehemu nyingi, unakwepa zizi na kichuguu, kisha unachanganya.

Utafiti wa kilimo unafuata akili hiyo hiyo. Huwezi kumfikia kila mkulima Tanzania. Unachagua maeneo kwa nasibu, ndani ya kila eneo unaorodhesha kaya zote, halafu unachagua chache, nazo kwa nasibu. Ukienda tu kwa wale wanaofikika kwa pikipiki, au kwa wale mwenyekiti wa kijiji anaowapenda, umeshachota udongo wa zizini.

Kuna wanaosema hiyo ni kazi ya kujaza fomu tu, mtu wa kidato cha nne na kishikwambi anaiweza. Kuuliza anaweza. Kuamua nani aulizwe, aulizwe nini, na majibu yasahihishwe vipi, hiyo ni taaluma. Tazama mifano mitatu.

Kwanza, heka. Tafiti zilizolinganisha heka alizotaja mkulima na kipimo cha GPS, Uganda na hapa kwetu, zilionyesha kwamba wenye mashamba madogo huyataja kuwa makubwa kuliko yalivyo, na wenye makubwa huyapunguza. Ukigawa magunia kwa heka za mdomo, mavuno kwa heka yanatoka ya uongo hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Pili, gunia. Mdadisi akiuliza "ulivuna magunia mangapi?", ni gunia gani hilo? Kuna la kilo mia, kuna lumbesa, kuna anayehesabu kwa debe. Na yale mahindi mabichi mliyochoma na kuchemsha kabla ya kuvuna yanaingia wapi? Dodoso lisipotengenezwa na mtu anayezijua hila hizi, linakusanya mchanganyiko usioeleweka.

Tatu, kukata na kupima. Njia inayoaminika ni kuweka mraba shambani, kuvuna kilichomo ndani, kukausha na kupima uzito. Inaonekana nyepesi. Lakini India, miaka ya 1940, mtakwimu P. V. Sukhatme alionyesha kwamba vipande vidogo mno hutoa mavuno makubwa kuliko ukweli, kwa sababu mpimaji huelekea kuhesabu ndani mimea iliyo ukingoni. Kosa dogo la mpakani, ukilizidisha kwa nchi nzima, linazaa tani ambazo hazipo.

Tani za kwenye karatasi haziliki

Wapo watakaosema hela za masomo bora zinunue mbolea. Nawaelewa, mbolea inaonekana kwa macho. Basi tuwatazame jirani zetu wa Malawi. Msimu wa 2006/07, serikali yao ilitangaza mavuno ya mahindi ya tani milioni 3.4, na ikauza mahindi Zimbabwe. Mwaka 2008 bei ndani ya Malawi ikapanda vibaya na watu wakahangaika kununua unga. Sensa ya kilimo iliyokuja baadaye ilitoa kiasi kidogo zaidi kwa msimu ule ule. Nchi iliyokuwa inatumia hela nyingi kutoa ruzuku ya mbolea iliumizwa na hesabu.

Huwezi kujua kama ruzuku imefanya kazi bila kupima mavuno vizuri. Mbolea na mtakwimu ni wa timu moja.

Chuo tunacho

Hatuanzi sifuri. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kipo Changanyikeni, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1961, na kinafundisha takwimu rasmi mpaka shahada ya uzamili. Marekani nao waliona pengo hili: mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Maryland, jirani kabisa na ofisi za serikali za Washington, kilianzisha programu ya pamoja ya mbinu za utafiti kwa ajili ya wafanyakazi wa idara za takwimu, wakiwa bado kazini. Hilo la kusoma ukiwa kazini ndilo la kuiga. Mtu anasoma jioni, kesho yake anarekebisha dodoso lililopo mezani.

Ila nina masharti yangu. Anayesomeshwa kwa hela ya umma asaini kurudi kutumikia kwa miaka kadhaa, maana mashirika yenye mishahara minono yanawasubiri mlangoni. Pia, hakuna shahada bila msimu mmoja shambani. Mtakwimu ambaye hajawahi kuona mahindi na maharage kwenye tuta moja atayagawaje heka? Na tatu, elimu ishuke. Afisa ugani wa kata ndiye anayejaza fomu za taarifa za kilimo kila mwezi, mara nyingi ana vijiji vingi na mafuta ya pikipiki hayatoshi, kwa hiyo makadirio ya macho yanakuwa kimbilio. Mwenye uzamili aje atufundishe sisi wa diploma, hata kwa siku tano tu. Jengo la ghorofa halisimami juu ya msingi wa udongo.

Wewe unahusika vipi?

Wewe kijana unayeishi Morogoro mjini na kukodi heka kumi na tano za vitunguu Kilosa, uko kwenye hesabu gani? Mdadisi wa kijijini anatafuta kaya, hakukuti. Orodha ya mashamba makubwa nayo haina jina lako. Utafiti usipopangwa na mtu anayewaona watu kama wewe, serikali itapanga masoko na mikopo kana kwamba hamlimi.

Kwa hiyo mdadisi akija, mpokee, mwambie ukweli, mwonyeshe daftari lako. Usihofie kodi: Sheria ya Takwimu ya 2015 inakataza kutoa taarifa zako binafsi. Na ukimpata mbunge wako, usiombe pembejeo tu. Muulize halmashauri yetu ina watakwimu wangapi waliosomea kazi hiyo, na bajeti ya kuwasomesha iko wapi.

Nasubiri maoni yenu, hata ya kunipinga. Kilimo ni biashara, na biashara bila hesabu ni kamari.