Ngoma Ikilia Mji Mkongwe, Tuhesabu

Kila Februari tamasha la muziki la Sauti za Busara huujaza Mji Mkongwe, Zanzibar. Usiku watu wapo Ngome Kongwe. Mchana wanakunywa urojo, wanatafuta vyumba, wanapanda teksi, wananunua kanga na viungo. Tamasha hili lilianza 2004, likiandaliwa na asasi isiyolenga faida. Fedha inayoingia kwa muuza miwa wa Forodhani haipiti katika vitabu vya asasi hiyo, na anayeamua nani afadhiliwe haioni.

Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Walioumia si wanamuziki tu. Kuna fundi wa mitambo, mshonaji, dereva, mama wa vitumbua. Hasara yao iliandikwa wapi?

Marekani, shirika la Americans for the Arts limekuwa likifanya hesabu ya fedha ya namna hii tangu miaka ya 1990. Katika utafiti wake wa mwaka 2022, uliohusisha maeneo 373, kila mhudhuriaji alitumia wastani wa dola 38.46 mbali na kiingilio. Njia yake si ngumu: watu hukutwa palepale kwenye onyesho na kuulizwa wametoka wapi, wametumia kiasi gani kwa chakula, usafiri na malazi, na kama onyesho ndilo lililowaleta.

Swali hilo la mwisho naomba tulishike sana. Februari ni msimu wa watalii, na wengi wangekuja kuogelea hata kama pasingekuwa na ngoma. Tukiwahesabu wote kuwa wageni wa tamasha, tutakuwa tumejidanganya. Vilevile, mkazi wa Jang'ombe akila Forodhani badala ya mtaani kwake, shilingi imehama tu, haijaongezeka. Na fedha iliyolipwa kwenye hoteli ambayo mwenyewe yuko ng'ambo huondoka visiwani mapema, ilhali ya mama lishe inakwenda kwa mvuvi, na mvuvi anamlipa fundi wa mashine. Tukiondoa yote ya kuondolewa, hesabu itapungua. Ipungue. Itakayobaki tutaweza kuipeleka wizarani bila woga.

Thamani ya sanaa haiishii kwenye risiti, hilo nalishikilia. Mtoto anayejifunza ganuni Dhow Countries Music Academy hapimwi kwa juisi iliyouzwa nje ya mlango. Lakini ada, mishahara ya walimu na nyuzi za ganuni hulipwa kwa fedha, na fedha huombwa kwa hoja.

Basi, mwenye duka na wewe mama lishe, wekeni daftari: mauzo ya wiki ya kabla ya tamasha, ya tamasha lenyewe, na ya baada yake. Mwenye nyumba ya wageni, muulize mgeni kilichomleta, uandike. Vikundi vya taarab na ngoma, hata vile vidogo vya shamba, tunzeni risiti za sare, vyombo na usafiri. Walimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, tunawaomba vijana wenu waandae maswali, kwa Kiswahili kwanza, na wajifunze kuyauliza kwa adabu. Nawe utakayekuwa kwenye foleni ya Ngome Kongwe, kijana akikufuata na karatasi, mpe dakika tano umwambie ukweli, hata kama siku hiyo ulitumia nauli ya daladala tu.