Kama Kifaa Ndicho Kinacheza, Wewe Unashinda Nini?

Najua nitakaangwa kwenye komenti kwa hii, lakini wacha niseme. Wengi wenu mnaojiita wakali wa gemu si wakali. Mna vifaa tu. Na kabla mtu aseme ni wivu, naanza na mimi mwenyewe, kwa sababu nimewahi kuwa huyo mtu.

Miaka michache iliyopita niliingia shindano dogo la mtaani, kwa jamaa mmoja mwenye chumba cha gemu. Kiingilio mia mbili, mshindi anaondoka na elfu tano. Ilikuwa gemu ya risasi, ya simu. Nilikuwa nimenunua kile kidude cha kubana kando ya simu chenye vitufe viwili juu, na chetu hiki kilikuwa na makro ndani. Kazi ya makro ilikuwa moja: nikibonyeza kufyatua, yenyewe inavuta mtutu chini kwa kasi ile ile bunduki inapanda. Risasi zangu zote zilikuwa zinaingia pahali pamoja. Nilifika fainali bila kutoa jasho.

Fainali nilipewa kijana wa kidato cha pili. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo kwenye kona, kidole kikifika hapo kinakwama. Nikamkanyaga vibaya sana. Elfu tano ikaingia M-Pesa. Kisha kijana akanifuata nje, bila hasira yoyote, akaniambia, "Brathe, naomba unionyeshe venye unashikilia hiyo bunduki. Mimi inanishinda."

Nilikosa jibu. Ningemwonyesha nini? Mkono wangu haukuwa unajua chochote. Nikamwambia eti ni mazoezi, akaenda nyumbani kufanya mazoezi ya kitu ambacho hata mimi siwezi kufanya na kidole changu.

Kwa hivyo nikiongea kuhusu wizi kwenye gemu, naongea kama mwizi mstaafu. Na kitu kimoja nimejifunza ni kwamba hakuna mtu huamka asubuhi akisema leo nataka kuiba. Kila mtu husema ni msaada tu.

Sawa, tuongee msaada. Sina shida na vifaa. Earphone nzuri ikusaidie kusikia hatua za adui, sawa. Kuhamisha kitufe cha kuruka kikae mahali kidole chako kinafika, sawa kabisa. Hata ule usaidizi wa kulenga unaokuja ndani ya gemu kwa watu wa kontrola, sawa, kwa sababu waliotengeneza gemu ndio waliuweka, kila mwenye kontrola anaupata, na kila mtu anajua upo. Swali langu ni moja tu: kuna kazi ambayo gemu inakupima nayo, nani anaifanya?

Kampuni ya Jagex, wenye RuneScape, wamepambana na hii vita tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Msimamo wao unaeleweka hata na mtoto: mbofyo mmoja, tendo moja. Unaweza kubadilisha kitufe, lakini ukibonyeza mara moja na kompyuta ifanye mambo matano, hiyo ni makro na akaunti yako inaweza kwenda. Na hawakuishia kwenye vidole. RuneLite, programu ambayo wachezaji wao wengi wanaitumia, imeruhusiwa, na inakuonyesha habari kibao kwenye skrini. Lakini kuna vitu imekatazwa kuonyesha, kwa mfano kukuelekeza usimame wapi na usisimame wapi unapopigana na bosi. Fikiria hiyo kidogo. Programu haijagusa kitufe chochote, na bado imekatazwa, kwa sababu kuamua usimame wapi ndiyo gemu yenyewe. Ukiambiwa, umebaki mtu wa kutumwa.

Kesi nyingine ndiyo ilifanya watu wagombane sana. Julai 2024, Razer walileta kitu kinaitwa Snap Tap kwenye kibodi zao. Kama hauchezi Counter-Strike, wacha nikueleze. Ukiwa unakimbia kushoto huwezi kupiga risasi vizuri, lazima usimame kwanza. Kusimama haraka unaachilia kitufe cha kushoto na kugusa cha kulia kwa wakati ule ule. Ukichelewesha kuachilia, vitufe viwili vinagongana. Ukiwahi sana, unateleza. Watu wamekaa miaka wakijifunza hako kasekunde. Snap Tap inasema usijisumbue: shikilia vyote viwili, kibodi itahesabu kile umebonyeza mwisho. Mwezi uliofuata Valve wakaamua hapana, na ukitumia hiyo kitu kwenye seva zao rasmi za Counter-Strike 2 unatolewa kwenye mechi.

Watu walilia. "Lakini ni kibodi! Inauzwa dukani! Nimelipia pesa yangu!" Na mimi nasema Valve walikuwa sahihi. Kitu kuuzwa dukani hakukifanyi kiwe halali uwanjani. Pikipiki pia inauzwa dukani. Jaribu kuja nayo kwenye marathoni Eldoret uone kama watakupa medali.

Sasa, mbona nashupalia vitu vidogo hivi? Kwa sababu naijua hiyo ngazi, nimeipanda. Mara ya kwanza ni programu ya kukugongea skrini ili uokote zawadi za kila siku ukiwa unakula. Hakuna mtu anaumia, si ndio? Baadaye inakuokotea dhahabu usiku kucha umelala. Baadaye inakushikia bunduki. Na ukifika juu kabisa unakuta Glider. Hiyo ilikuwa programu ya World of Warcraft, na ilikuwa inacheza yenyewe: inatembea, inaua majoka, inaokota mali, mwenyewe yuko kitandani. Kufikia Septemba 2008 ilikuwa imeuza leseni 120,000 na kuingiza dola milioni 3.5. Ilifungwa 2009, na kesi kati ya walioitengeneza na Blizzard ikafika hadi mahakama ya rufaa Marekani mwaka 2010.

Na usiseme roboti ikicheza peke yake haiumizi mtu. Kwenye gemu zenye soko, roboti zikimwaga dhahabu sokoni usiku kucha, ile dhahabu ya mtu aliyekaa masaa matatu akiitafuta kwa mkono inapoteza thamani. Ni kama shilingi ikianguka. Wewe umelala, lakini kuna mtu umemfanya kazi yake iwe bure.

Haya, najua majibu yenu, nimeyatumia yote.

"Simu yangu ni mbovu na seva ziko mbali, makro inanisawazishia." Hii naiheshimu, kwa sababu ni ukweli wetu. Kucheza kutoka Nairobi na seva iko Ulaya au Mashariki ya Kati, pingi yako itakuwa juu na hakuna maombi itashusha. Lakini makro haipunguzi pingi. Seva haijasogea hata hatua moja. Kitu imefanya ni kukupa mkono ambao si wako, na mara nyingi unaompiga nao si yule tajiri wa Dubai, ni mkenya mwenzako mwenye simu mbovu kushinda yako. Mimi na yule kijana tulikuwa chumba kimoja, Wi-Fi moja. Pingi ilikuwa wapi hapo?

"Lakini hata kampuni zinauza nguvu kwa wenye pesa." Kweli, na ni tabia mbaya, tuwapigie kelele. Lakini ukiibiwa Githurai, dawa si kwenda kuibia mtu Kayole.

"Na walemavu je?" Swali zuri, japo wengi mnaoliuliza mna vidole vyote kumi. Mwaka 2018 Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller, yenye vitufe vikubwa na matundu ya kuchomeka swichi za nje, ubonyeze na goti, kiwiko, chochote ulicho nacho. Mchezaji anapata njia ya kubonyeza, na uamuzi unabaki wake. Na kama kuna mtu anahitaji zaidi ya hapo, hata makro yenyewe, aseme wazi kwa waandaaji na wakubaliane mbele ya wote. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye hana haja ya kuficha. Mimi kile kidude nilikuwa nakifunika na kiganja.

"Kila mtu anatumia." Hizo ni stori za jaba. Watu wengi mtaani hawana hata pesa ya bando, watatoa wapi ya kidude? Ukisema kila mtu, unamaanisha wewe na mbogi yako ya watu wanne.

Kama hujui uko upande gani, nakupa kipimo, na nilipewa bure na yule kijana. Mtu akikuuliza umefanyaje, unaweza kumfunza? Unaweza kumpa simu yako, au kuchukua yake, na kumwonyesha kwa mkono? Kama jibu ni "nunua hii" au "washa hii," basi huo ushindi ni wa aliyetengeneza hicho kitu.

Na nyinyi mnaoandaa mashindano ya mtaa, mkiwemo marafiki zangu, hamjanyamaziwa. Mnachukua viingilio vya watoto na hamna sheria hata moja ukutani. Andikeni: mbofyo mmoja, tendo moja. Kabla ya mechi, simu na kontrola ziwekwe mezani watu waone. Fainali ichezwe kwa vifaa vya nyumba, vile vile kwa wote wawili. Haigharimu kitu. Inachukua dakika tano.

Yule kijana nilimtafuta mwaka huu. Ilinichukua muda kumpata kwa sababu siku hizi haonekani kwenye gemu kabisa. Nikamwambia ukweli wote, kidude, makro, kila kitu, na nikamtumia ile elfu tano. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia alifanya mazoezi karibu miezi miwili baada ya ile fainali, na ilipokataa akaamua tu hana mkono wa gemu. Akauza kontrola yake, akaacha.

Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Alifika fainali na kioo kimepasuka, jamani. Pesa nimerudisha, lakini hiyo miezi miwili sijui nitaitumia kwa namba gani.

Kwa hivyo komenti ziko wazi, nikaangeni. Lakini ukija kunitetea makro, kwanza niambie ni nani ulimpiga nayo mara ya mwisho, na kama bado anacheza.