Aliyekula Naye Aoshe

Katika hafla moja ya nikaha hapa Tanga, baada ya ijabu na kabuli kukamilika na waalikwa kuanza kugawiwa haluwa na kahawa, alisimama mzee mmoja kutoa mawaidha kwa bwana arusi, na miongoni mwa aliyomwusia, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kupingwa, ni kwamba asikubali kamwe kuvutwa katika magomvi ya vyombo, kwa kuwa sahani, sufuria na vikombe ni shughuli ya mwanamke, na mke anayenung'unika kwa mambo madogo kama hayo ni mke aliyekosa malezi kwao. Wanaume waliojaa barazani walicheka na kuitikia, bwana arusi akainamisha kichwa kwa adabu, nami nikaondoka pale na ghadhabu ambayo mpaka leo haijaniishia; maana maneno yale hayakuwa mageni hata kidogo, ni itikadi iliyozagaa katika majumba yetu kiasi cha kuwa hakuna tena anayeidai dalili.

Kwanza na tulitazame hilo jambo dogo lilivyo. Watu wamekula wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Sufuria imebaki na ukoko ulioshika chini, kikaango kina mafuta, na sahani zimejaa miba na mchuzi. Bwana wa nyumba, ikiwa ni katika wale wanaojihesabu wema, huimiminia sufuria kata moja ya maji, akaisukuma pembeni ya karo, akatangaza kwamba ameiloweka, kisha akaenda zake kusikiliza taarifa ya habari. Alfajiri mkewe, ambaye naye ana kazi ya kuiwahi mjini, hukuta maji yamechacha, mafuta yamegandamana ukingoni, mende wamekesha humo, na glasi za maji zimetumbukizwa katika beseni moja na sahani za samaki, hata zimeshika shombo lisilotoka illa kwa ndimu na maji ya moto. Atashika dodoki na jivu, aukwangue ukoko kwa ncha ya kijiko, asuze glasi upya, huku uji wa watoto unafurika motoni. Na akithubutu kusema neno moja, ataambiwa kwamba anavunja amani ya nyumba kwa ajili ya sufuria.

Mimi nasema ugomvi huo si mdogo, kwa kuwa kinachogombewa humo ni insafu: wawili wamekula, wawili wamechafua, na mmoja peke yake ndiye anayesafisha, leo na kesho na keshokutwa, mpaka kufa kuwatenganishe au talaka. Wazee waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuuliza kwanza ufa una upana gani.

Sasa tumwulize huyu mwanamume anayedai kuwa kuosha vyombo si kazi ya mkono wake: tangu lini? Katika enzi ya Wajerumani na Waingereza, kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kazi za majumbani mwa wakubwa zilifanywa aghalabu na wanaume. Mpishi alikuwa mwanamume, na boi alikuwa mwanamume. Aliyesugua birika la bwana mkubwa na kupangusa sahani za bibi yake alikuwa baba wa watu, mwenye mke na watoto, na kwa mshahara ule alilipa kodi, akanunua kanga za mkewe, na akirudi kwao kwa likizo alipokewa kwa taadhima kama mtu aliyefanikiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba uanaume wake umeyeyuka katika beseni la Mzungu. Wajukuu wake leo wanaosha vyombo katika hoteli za Nungwi na Mji Mkongwe, wanaosha vyombo melini, wanaosha vyombo katika mikahawa ya London na Toronto, na fedha wanazozituma nyumbani hupokewa kwa shukrani na wazee walewale wanaotoa mawaidha katika nikaha. Mvulana wa shule ya bweni huosha sahani yake bombani. Askari kambini huosha ya kwake. Kapera katika chumba chake cha kupanga huosha sufuria yake moja na kikombe chake kimoja bila ya kumwita mtu. Basi mkono uliomwoshea Mzungu, ukamwoshea mtalii, ukamwoshea tajiri, ukajioshea wenyewe miaka yote ya ukapera, hupatwa na maradhi gani siku unapofunga ndoa?

Watajibu kwamba hii ni desturi ya pwani, na wasomi wao watakutajia utendi alioutunga Mwana Kupona binti Msham mnamo 1858 kumwusia binti yake namna ya kumhudumia mume. Namheshimu Mwana Kupona kuliko wanavyomheshimu wao, kwa sababu mimi nimeusoma utendi wake, na wengi wao wameusikia ukitajwa tu. Katika nyumba za waungwana wa Pate na Siyu za zama zile walikuwamo watumwa, na utendi wenyewe unawataja. Kazi nzito na chafu za nyumba walibebeshwa wao. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria huko mwaka 1897. Mtumwa alipotoka katika nyumba za namna ile, masufuria hayakutoka naye. Yalibaki pale pale, na waungwana wakaangaza macho kulia na kushoto kumtafuta wa kumbebesha, wakamwona mke. Dhulma ile iliyohamishwa kutoka bega moja hadi bega jingine ndiyo leo tunayofunikwa nayo macho tukiambiwa ni desturi ya mababu.

Na wapo walio duni wa hoja kuliko hao, wanaosema kwamba mwanamume akionekana karoni basi amelishwa limbwata. Mtu mzima, mwenye ndevu na kitambulisho cha taifa, haoni njia nyingine ya kueleza kwa nini mwenzake amesuza vikombe viwili illa kwa uganga! Ikiwa kuosha vyombo ni dalili ya limbwata, basi hoteli zote za pwani hii zinaendeshwa na waliorogwa, na mwenye akili timamu ni yule peke yake anayekula, akapangusa mdomo, akaiacha sahani juu ya mkeka mpaka nzi waikute.

Nao wanaotaka kuifanya dini kuwa kichaka cha uvivu wao, wanajua, au wangepaswa kujua, kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa sala hutoka kwenda kusali. Riwaya hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, wala si maneno ya mitaani. Mbona haikusomwa katika nikaha ile?

Sheria nayo imekwisha kusema. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Na jirani zetu wa Kenya wakaliandika jambo hilo waziwazi katika sheria yao ya mali ya ndoa ya mwaka 2013. Jambo lenye thamani mbele ya jaji siku ya talaka, vipi liwe halina thamani mbele ya mume siku za mapenzi?

Na maadamu nimeanza kusema, sitanyamaza juu ya hizi kichenipati zetu, ambazo kwa hakika zimekuwa madrasa ya kuifundisha dhulma hii kwa ngoma na vifijo. Bibi arusi hukalishwa kitini, akatunzwa majagi, vikaango, seti za sahani na masufuria yaliyopangwa kwa ukubwa, na kila chombo anachokabidhiwa hukabidhiwa pamoja na wasia wa namna ya kukitunza. Kungwi wake, au somo, humfunda usiku kucha. Bwana arusi je, nani humfunda? Rafiki zake humpeleka kunyoa, wakamchagulia suti, wakamchangishia fedha za ukumbi ambazo zingetosha kumaliza kujenga nyumba, na asubuhi yake anaingia katika ndoa hajui hata kwamba glasi huoshwa kwanza, kisha sahani, na masufuria yenye masizi na mafuta huwekwa mwisho. Mmoja amesomeshwa na mwingine ameachwa mjinga kwa makusudi, kisha ujinga wake unaitwa hadhi ya kiume. Na mama zetu ni washirika katika taksiri hii, maana ni wao wanaomwita binti aondoe sahani ya kaka yake aliyejinyoosha kitini akiwa mzima wa afya.

Mkono mmoja haulei mwana, wala haupasi kuachiwa peke yake masufuria ya nyumba nzima. Enyi akina baba, msingoje mpaka siku ya nikaha ndipo mwape vijana wenu mawaidha. Mwiteni mtoto wa kiume leo, baada ya chakula cha usiku, mwekeeni beseni la maji, sabuni na dodoki, na simameni pamoja naye mkiosha, ili aone kwa macho yake kwamba baba yake ni mwanamume na anaosha. Na ikiwa sufuria ina ukoko, aukwangue usiku uleule.