Bajeti ya afya ifuate maradhi, si mazoea

Mapema mwaka huu tulisomewa taarifa ya zahanati katika mkutano wa kijiji. Tuliambiwa ni shilingi ngapi zilinunua rangi, shajala na mafuta ya pikipiki, na ngapi zililipa posho za semina. Ndipo mama mmoja akasimama akauliza: "Mwaka jana tumezika watoto wangapi, na waliuawa na ugonjwa gani?" Hakuna aliyekuwa na jibu, tukaambiwa tuendelee na ajenda. Mimi ni mmoja wa waliozika, na swali lile sijalisahau.

Ndugu Mhariri, jibu la swali kama hilo liliwahi kutafutwa hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Watafiti walipita nyumba hadi nyumba, wengine kwa baiskeli, wakiuliza nani amefariki na alionyesha dalili gani. Walifanya hivyo kwa sababu watu wengi hufia nyumbani, na vitabu vya hospitali haviwahesabu.

Yaliyoonekana yalikuwa ya aibu. Huko Morogoro malaria ilikuwa ikichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Fedha zilikuwa zikigawanywa kwa mazoea.

Wilaya hizo zikabadili mgawo. Waganga wakafundishwa kumpima mtoto mgonjwa kwa maradhi yote makubwa kwa pamoja, badala ya kutibu homa na kuacha nimonia. Matumizi ya vyandarua vyenye dawa yakahimizwa. Nyongeza ya fedha iliyotumika haikufikia dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, nami sipingi. Lakini aliye na kidogo ndiye anayepaswa kuhesabu zaidi. Isitoshe, tangu mwaka wa fedha 2017/2018 serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja vituoni. Kwa hiyo kamati zetu za afya zina la kuamua, mradi zipewe takwimu.

Hivyo basi naziomba halmashauri ziagize kila taarifa ya zahanati isomwe ikiwa na sehemu mbili: fedha zilizotumika, na watu waliougua, waliopona na waliofariki, wakiwemo waliofia majumbani. Viongozi wa vitongoji wanawajua wafiwa wote. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka mbali.

Nasi wananchi tusikubali kupiga makofi kwa taarifa ya rangi. Yule mama bado anangoja jibu lake.

Mkulima na Mzazi,
Tanga.